Namba ya Mstari si Namba ya Askari

"MALI bila daftari hupotea bila habari." Wenye maduka wa pwani waliielewa vema methali hii. Sisi wanajeshi na polisi yatupasa kuielewa zaidi, kwa kuwa mali iliyoandikwa katika madaftari yetu ni watu.

Kufuatia mkataba wa amani uliotiwa saini Addis Ababa tarehe 12 Septemba, 2018, kundi la kwanza la vikosi vya umoja lilihitimu hapa Juba tarehe 30 Agosti, 2022. Watu waliokuwa chini ya makamanda mbalimbali walisimama katika gwaride moja. Kazi ya namna hiyo haikamiliki uwanjani. Huendelea mezani, mahali ambapo majina huandikwa, hulinganishwa na kusahihishwa. Siku hizi meza hiyo ina kompyuta, na makosa ya kompyuta huenda mbio kuliko makosa ya kalamu.

Tulishuhudia jambo moja hapa Nyakuron, si mbali na Kituo cha Utamaduni. Makarani wawili walikuwa na nakala za orodha moja ya majina, kila mmoja katika kompyuta yake. Wa kwanza alimwambia mwenzake kwa simu: "Futa mstari wa 212, ndugu yetu huyo amefariki." Wa pili akautafuta mstari wa 212, akakuta jina la askari aliye hai, ambaye asubuhi hiyo hiyo alikuwa lindoni. Laiti asingelisoma jina kwa sauti kabla ya kulifuta, mwisho wa mwezi mtu yule angekosa mshahara, na watoto wake wangelala njaa kwa kosa la namba.

Nani alikosea? Kila mmoja alihesabu sawasawa, ila kwa kanuni yake. Kompyuta zao zilikuwa za mfumo wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991 kwa kufuata mfano wa Unix, mfumo uliozaliwa Marekani mwaka 1969 katika maabara ya Bell kwa juhudi za Ken Thompson na Dennis Ritchie. Polisi wa Ufaransa waitwao Gendarmerie wanautumia Linux katika makumi ya maelfu ya kompyuta zao. Katika mfumo huo mtumishi anaweza kuiandikia mashine amri fupi, nayo ikatii bila kuuliza swali. Askari anaijua tabia hiyo, na anajua pia kuwa amri isiyo wazi hutekelezwa vibaya.

Karani wa kwanza aliandika cat -n orodha.txt. Amri hiyo huipa namba kila mistari, hata ule usio na kitu. Wa pili aliandika nl orodha.txt. Amri ya nl imetungwa mahsusi kwa kazi ya kutia namba, lakini isipoelekezwa vingine huiruka mistari mitupu. Katika orodha ile palikuwa na mistari mitatu mitupu kabla ya jina la marehemu. Kwa hiyo mstari wa 212 wa mmoja ulikuwa wa 209 kwa mwenzake, na kila mmoja aliamini kuwa ni mwenzake aliyepotoka.

Hapa pana somo kubwa zaidi. Mstari mtupu waweza kuwa mahali palipofutwa jina. Ukiuruka katika kuhesabu, pengo halionekani, na safu huonekana imejaa kama kwamba hakuna aliyetoka. Dawa yake ni kuandika nl -b a orodha.txt, yaani kila mstari upate namba, mtupu na usio mtupu. Apendaye namba zenye tarakimu nne, kama 0001 na 0002, ataongeza -n rz -w 4, na safu itanyooka kama kwato za gwaride.

Amri hizi huonyesha namba kwenye kioo tu. Faili lenyewe halibadiliki. Atakaye kuzihifadhi huelekeza matokeo katika faili jipya kwa alama ya >, hivi: nl -b a orodha.txt > orodha-namba.txt. Lakini tahadhari! Ole wake karani atakayeandika jina la faili lile lile pande zote mbili. Kompyuta hulifuta kwanza faili litakalopokea, ndipo nl huanza kusoma; nayo hukuta ukurasa mweupe. Orodha ya kombania nzima hutoweka kwa kufumba na kufumbua. Hapana budi basi nakala ya akiba iwepo kabla ya kazi kuanza.

Aidha, tusiipe namba ya mstari heshima isiyo yake. Katika gwaride tunapohesabu kuanzia kulia, moja, mbili, tatu, namba ile ni ya mahali pa kusimama. Akija mmoja akaingia katikati, wote waliomfuata hubadilika namba. Orodha nayo ni hivyo hivyo. Namba ya jeshi ya askari ndiyo humfuata tangu kuandikishwa hadi kustaafu. Namba ya mstari ni ya siku hiyo na nakala hiyo.

Kwa hiyo twawausia makarani wa vikosi na wa vituo vya polisi mambo matatu. Kubalianeni amri moja ya kutia namba, na iandikwe juu ya orodha pamoja na tarehe. Agizo la kusahihisha litaje namba ya mstari, namba ya jeshi na jina, vyote vitatu. Na kabla ya kufuta, someni jina kwa sauti. Karani yule wa Nyakuron hakuwa na elimu kubwa ya kompyuta, lakini alisoma jina, na kwa kusoma kwake askari aliyekuwa lindoni alibaki katika daftari.