Hayward, Mlinda Ua wa Mkunazini

Anayetembelea kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, Unguja, haondoki bila kulisikia jina la Askofu Edward Steere. Ataambiwa kuwa soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa mwaka 1873, kwamba jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka huohuo, na kwamba Steere aliyesimamia ujenzi alifariki 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Jina la msanifu aliyechora ramani hupita kimyakimya, au halitajwi kabisa. Aliitwa Charles Forster Hayward.

Hayward (1830–1905) alikuwa Mwingereza, na watu wa Plymouth wanamjua kwa hoteli yao ya Duke of Cornwall. Mkunazini alichanganya Kigothi na Kiarabu katika jengo moja, na mchanganyiko huo haukumshinda. Paa lenyewe, lililopinda kama pipa lililopasuliwa katikati na kumwagwa kwa matumbawe na saruji, lilikuwa wazo la Steere. Wapo waliotabiri kwamba lingeanguka.

Lakini kinachonivuta hapa ni lile jina la ukoo. Waingereza wenyewe wengi hudhani Hayward ni mtu wa majani makavu ya mifugo. Sivyo. Sehemu ya kwanza inatokana na neno la kale la ua au wigo, ya pili ni mlinzi. Katika vijiji vya Uingereza ya zama za kati, wakulima walilima vipande vilivyopakana kwenye shamba moja kubwa lililo wazi. Kijiji kilihitaji mtu wa kuangalia nyua zisibomoke na mifugo isivamie ngano. Mnyama aliyekutwa anakula mazao alikamatwa na kufungiwa, mwenyewe akaja kumkomboa kwa faini. Mkulima wa Handeni, mkoani Tanga, hahitaji maelezo zaidi ya hapo. Ugomvi wa wakulima na wafugaji wilayani humo umekalisha vikao vingi vya vijiji kuhusu mipaka ya malisho, na mlinda ua mwenye mamlaka na msimamo asingekosa kazi Kwamsisi leo.

Kazi hiyo iligeukaje kuwa jina? Kati ya karne ya 12 na ya 15, makarani wa kodi na wa mahakama za Uingereza walikuwa na akina John wengi mno kwenye vitabu vyao. Wakawatenganisha kwa kuwabandika kazi, kijiji, jina la baba, hata umbo la mwili. Yule John mlinda ua akawa na mtoto fundi viatu, lakini mtoto akabaki Hayward, kwa sababu karani alikuwa amekwisha kuandika. Ndiyo maana Herbert Baker, aliyesanifu Ikulu ya Nairobi, ana jina la mwoka mikate, na Christopher Wren wa kanisa la St Paul's mjini London ana jina la kindege kidogo. Majina haya hayasemi lolote juu ya waliyoyajenga.

Ukivuka bahari kuja Korogwe na Handeni unakuta njia nyingine. Wasambaa wana majina yanayoanza na She-, Wazigua na Wabondei yanayoanza na Se-, na maana yake ni baba wa fulani. Hata jina linalowaunganisha Wazigua, Wabondei, Wasambaa na Wangulu, yaani Waseuta, limeundwa hivyohivyo: Seuta, baba wa uta, mwenye upinde. Hapo tunamkaribia Hayward, maana ni mtu anayetambulika kwa chombo cha kazi yake.

Kisha daftari la shule na la ubatizo likafanya kwetu kilekile ambacho karani wa kodi alikifanya Uingereza. Jina lililokuwa la mwanamume mmoja likawa la ukoo mzima, wanawake wakiwemo. Marehemu Beatrice Shellukindo, aliyekuwa mbunge wa Kilindi, alilibeba jina linaloanza na "baba wa", na hakuna aliyeshangaa. Kuna tofauti moja inayonifurahisha. Waingereza wengi wana majina ya vijiji walikotoka mababu zao. Handeni mambo yamepinduka, kwa kuwa vijiji vyenyewe ndivyo vyenye "Kwa" mbele, Kwamatuku, Kwaluguru, kama vile ardhi ndiyo iliyopewa jina la ukoo.

Mkunazini na bonde la Pangani vina historia moja isiyopendeza, ya utumwa. Njaa ya miaka ya 1830 iliwafanya Wazigua wengi wauzwe ng'ambo. Baadhi waliishia bonde la Juba huko Somalia, wakatunza Kizigua chao, na vita vya Somalia viliporejesha sehemu ya wajukuu zao, walipewa makazi Chogo, Handeni, kisha uraia. Baada ya njaa hiyo, kifo cha Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, mwaka 1862 kilileta vita vya urithi Usambara. Semboja, mwanawe, akajiimarisha Mazinde, katika Korogwe ya sasa, penye njia ya misafara, na mateka wakateremshwa pwani.

Watoto waliokombolewa na kukabidhiwa kwa misheni ya Steere mara nyingi hawakuwa na baba wa kutajwa. Soma majina yao: John Swedi, George Farajallah, Cecil Majaliwa. Nusu ni ya ubatizo, nusu nyingine, kama Farajallah na Majaliwa, ni ya faraja ya Mungu au bahati, na hakuna hata moja linalosema mtoto wa nani. Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni, ndiye aliyekuwa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo, mwaka 1890. Mwenzake Mbondei, Samuel Sehoza, mwandishi wa Mwaka katika Minyororo, alibatizwa na misheni ileile, akasoma vitabu vilevile. Yeye hakutoka sokoni, na Se- yake hakuipoteza.