Simu kimya, moyo juu: Kusubiri kuitwa mahojiano mara ya pili

Tuambiane ukweli, msomaji wangu. Leo umefungua baruapepe mara ngapi? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe. Kama uliomba nafasi ya masomo na unangoja kuambiwa iwapo utaitwa mahojiano, najua umeichungulia kabla ya kupiga mswaki, ukaichungulia tena chooni, na pengine umeichungulia sasa hivi kabla hujaanza kusoma hapa.

Dada yangu huifungua kabla hajatoa mguu kwenye neti. Ni mtoto wa mama mkubwa, na kwetu Kwale mtoto wa mama mkubwa humwiti binamu. Ni dada, basi. Analala Msambweni, anauza kwenye duka la dawa Ukunda, na kila asubuhi hupanda matatu ya barabara ya Lungalunga akiwa ameishika simu kama mtu aliyebeba yai.

Ameomba kwenda Afrika Kusini kusomea shahada ya uzamili ya ushauri wa jeni. Mwaka jana aliomba, wakamwandikia kwamba hakufika kwenye orodha ya watakaohojiwa. Mwaka huu ameomba tena, chuo kilekile. Sitakitaja, maana hakijamkosea mtu. Nataka tuzungumze kuhusu hii subira ya mara ya pili, kwa sababu haifanani na ya kwanza hata kidogo.

Kazi gani hiyo?

Mtaani wakimuuliza anasema "mambo ya hospitali" na kuendelea na safari. Mimi nitakueleza vile alivyonieleza.

Mama mkubwa alizaa watoto watano. Wawili walifariki kabla ya kuanza shule. Walikuwa wakivimba vidole, macho yanakuwa manjano, wanalia mifupa usiku kucha. Watu wakasema ni jini. Baadaye wakasema ni uchawi. Mwisho wakapata jibu lililompendeza kila mtu isipokuwa yeye: damu ya mwanamke huyu ni mbaya. Mumewe akaenda zake.

Kitinda mimba naye alipoanza kulia mifupa, akapimwa. Mama mkubwa akapewa karatasi yenye herufi mbili, SS, akaambiwa mtoto ana selimundu, ile tunayoiita sikoseli, amlete kliniki. Foleni ilikuwa ndefu. Hakuna aliyeketi naye kumweleza ugonjwa huo umetoka wapi.

Aliyekuja kumweleza ni binti yake. Dada alikuwa kidato cha nne, na siku hiyo mwalimu wa baiolojia alichora mraba ubaoni wenye vyumba vinne. Akaja nyumbani akauchora nyuma ya daftari, mbele ya mama yake.

Mraba wenyewe uko hivi. Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayotengeneza himoglobini, moja ya baba, moja ya mama. Ukiwa na A mbili, huna neno. Ukiwa na A moja na S moja, kwa kawaida unaishi mzima tu, huenda usijue maisha yako yote. Lakini AS akimwoa AS, kila mimba ni kura mpya: nafasi moja kati ya nne mtoto apate SS, mbili kati ya nne awe AS kama wazazi, na moja kati ya nne awe AA. Na kura haina kumbukumbu. Kupata mtoto mmoja mgonjwa hakumkingi anayefuata.

Mama mkubwa aliutazama ule mraba, akauliza, "Kwa hiyo na baba yenu pia?"

"Na yeye pia, mama."

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Hebu nichoree tena."

Ndiyo kazi yenyewe hiyo, mwanangu. Kukaa na mtu, kumweleza kilichomo kwenye damu yake bila kumtia hatia, kisha kumwachia aamue mwenyewe la kufanya. Kuna wanaosomea kazi hiyo kwa miaka miwili baada ya digrii. Dada anasema yeye aliianza siku ile na hajaimaliza.

Na hili la hatia, hebu nikuongezee kidogo. Mwaka 1949 kijana mmoja aliyelelewa hapa Kenya, Anthony Allison, alizunguka nchini akipima damu za watu. Pwani na kando ya Ziwa Victoria aliwakuta wengi wenye hiyo S moja. Huku juu kwenye baridi, karibu hakuna. Mwaka 1954 akachapisha sababu: mwenye AS anakingwa dhidi ya malaria kali. Yaani mababu zetu wa pwani hii yenye mbu walikuwa na ngao. Ngao hiyohiyo ikikutana na mwenzake, ndipo inamuumiza mtoto. Damu mbaya iko wapi hapo?

Mbona nafasi ni chache hivyo?

Swali zuri, nami nilimuuliza. Fani yenyewe bado changa. Kozi ya kwanza ya uzamili ilianza mwaka 1969 katika chuo cha Sarah Lawrence, jimbo la New York. Barani kwetu, ukitaja mafunzo haya watu huelekeza kidole Afrika Kusini, kwenye vyuo vikuu vya Witwatersrand na Cape Town. Na darasa haliwezi kuwa la watu mia mbili, kwa sababu kila mwanafunzi lazima akae na wagonjwa halisi akisimamiwa na mshauri aliyehitimu. Wasimamizi wachache, wanafunzi wachache.

Usidhani walioko Marekani wanapumua. Huko na Kanada, tangu mwaka 2018 vyuo hutumia mfumo wa kulinganisha. Unaomba, unangoja kuitwa. Ukiitwa na kuhojiwa, unapanga orodha ya vyuo unavyovitaka, navyo vinapanga orodha ya wanaowataka, kisha kompyuta inalinganisha. Jibu linatoka Aprili. Unaweza kuhojiwa mahali kadhaa na bado usipangiwe popote. Wako wanaorudia mara ya pili, hata ya tatu.

Kwa hiyo ukikosa, chuo kimejibu swali moja tu: je, mwaka huu umeingia kwenye viti vile vichache? Hakijajibu kama kazi yenyewe inakufaa. Sisi tunayachanganya maswali haya mawili, halafu tunakosa usingizi.

Ya kwanza unatangaza, ya pili unaficha

Mara ya kwanza dada aliwaambia watu wote. Mpaka jirani anayemletea mboga alijua. Jibu lilipokuja baya, ikabidi amweleze mmoja mmoja, kila mtu na pole yake. Harusini shangazi mmoja akampigia kelele toka upande wa pili wa ukumbi, "Bado hujaenda tu Johannesburg?" Unajua harusi zetu. Ukumbi mzima uligeuka.

Mara ya pili akaomba kimyakimya. Aliniambia mimi peke yangu. Nikajivuna kidogo, nikamuuliza kwa nini mimi.

"Kwa sababu wewe huwezi kunicheka," akasema.

Haki yake. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo iliisha, na kwa miezi minne niliendelea kutoka nyumbani asubuhi na begi mgongoni kana kwamba nina kipindi. Nilikuwa nikikaa kwenye jukwaa la feri Likoni nikiandika mambo kwenye simu, na ndivyo nilivyoanza kublogi. Kwa hiyo ukitaka mtu wa kukupa mawaidha ya kufaulu, mlango sio huu. Lakini kuficha jambo nakujua vizuri, na ninakwambia kunachosha kuliko jambo lenyewe. Mwambie mtu mmoja. Mmoja anatosha.

Subira ina ratiba yake pia. Afrika Kusini wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo dada amepiga hesabu: ikifika saa kumi na mbili jioni ya kwetu, ofisi zao zimefungwa, leo haiji tena. Hapo ndipo hula vizuri. Jumamosi na Jumapili ni siku zake za amani, kwa sababu hakuna karani anayetuma barua. Jumatatu moyo unarudi juu.

Alichobadilisha

Kukataliwa mara ya kwanza, alilia siku mbili. Ya tatu akaandika kukiuliza chuo alikosea wapi. Jibu lilikuwa mistari mitatu: alama zako ni nzuri, maelezo yako ni mazuri, lakini hujakaa vya kutosha na watu wenye shida.

Angeweza kukasirika. Mtu aliyewazika wadogo zake wawili unamwambia hajakaa na shida? Lakini alielewa. Kuwa na kidonda si sawa na kujua kumfunga mwenzako kidonda. Basi akajiunga na kikundi cha wazazi wenye watoto wa selimundu. Kila Jumamosi anakaa nao: kumkumbusha huyu folik asidi, kumkumbusha yule asimwache mtoto bila maji kwenye jua la Februari, kumsikiliza mwingine aliyechoka tu.

Siku moja nilimfuata nikamkuta na mama mwenye mtoto mchanga. Mtoto ametolewa damu, majibu bado. Yule mama mikono inatetemeka. Dada hakumwambia "usijali, Mungu yupo", ingawa wote wawili wanajua yupo. Alimwambia mambo matatu. Majibu yanatoka siku fulani, kabla ya hapo usijisumbue kuja. Majibu yanayowezekana ni haya. Na likija lolote kati ya haya, kesho yake tutafanya hivi.

Mikono ya yule mama ikatulia. Sio kwamba hofu iliisha, ila sasa ilikuwa na mipaka.

Tukiwa kwenye matatu nikamuuliza, "Na wewe barua yako umejiambia hayo matatu?"

Akanitazama kwa jicho baya, mdogo kumfundisha mkubwa. Lakini jioni alichukua bahasha ya dawa ya karatasi akaandika nyuma yake.

*Wameahidi kujibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo siwaandikii.*

*Nisipoitwa: nauliza tena nilikosea wapi. Naendelea na kikundi. Naomba na kwingine, sio chuo kimoja tu.*

*Wakinyamaza mpaka tarehe ipite: nachungulia kwanza kapu la barua taka, naingia kwenye akaunti ya maombi, kisha nawaandikia mistari miwili ya heshima.*

*Nikiitwa:* hapo kalamu ikasimama.

Nilidhani hapo ndipo pangekuwa rahisi. Kumbe. Akiitwa, akapita, akapata ufadhili, ni miaka miwili. Kitinda mimba sasa ana miaka kumi na minne. Mama mkubwa miguu haimpeleki. Nani atakayekwenda naye kliniki? Nani atajua, maumivu yakianza saa nane usiku, kwamba hili ni la kunywa maji na dawa nyumbani, na hili ni la kukimbizwa hospitali? Mwaka mzima nilidhani anaogopa kukataliwa. Alikuwa pia anaogopa kukubaliwa.

Akaandika jina langu. Hakuniuliza.

Wewe unayesubiri

Huenda husubiri ushauri wa jeni. Huenda unasubiri nafasi KMTC Msambweni, au hoteli ya Diani ikupigie kabla ya msimu wa Desemba, au viza. Chukua bahasha yako. Andika jibu linatarajiwa lini, majibu yanayowezekana, na kesho yake utafanya nini kwa kila moja. Usiache kazi uliyonayo kwa sababu ya barua ambayo haijaja. Usikope nauli ya safari ambayo hujaalikwa. Na ile sehemu ya "nikiitwa" usiiruke ati ni ya furaha, maana huenda ndiyo yenye kazi kubwa zaidi.

Na kama una mpango wa kuoa au kuolewa, nenda mkapimwe damu mjue herufi zenu. Sikwambii muachane. Nakwambia mjue.

Wiki iliyopita nilimpeleka kitinda mimba kliniki kwa mara ya kwanza, dada akiwa kazini. Nilisahau kitabu chake nyumbani, tukarudi na bodaboda kukichukua, tukapoteza zamu yetu kwenye foleni. Kijana hakulalamika. Alikaa kwenye benchi akinywa maji kidogo kidogo kwenye chupa yake, ana mazoea, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kana kwamba dada yuko karibu:

"Ameitwa?"

"Bado."

"Akiitwa, wewe utakuwa unakumbuka kitabu?"

Nimekiweka kwenye begi langu sasa. Lile la chuo.