Faida ya sungura hupotea siku kumi za kwanza

MFUGAJI anaamka alfajiri, anafungua kibanda na kukuta watoto sita wa sungura wametapakaa juu ya sakafu ya waya, wote wamekufa kwa baridi. Mama yao yuko pembeni anatafuna majani kama kawaida. Mfugaji anaamua kuwa jike huyo ana roho mbaya. Anamchinja, ananunua mwingine, na baada ya muda mambo yanajirudia yale yale.

Mara nyingi kosa si la jike. Ni la maandalizi ambayo hayakufanyika kabla hajazaa.

Katika miji inayoishi kwa dhahabu kama Kahama, Katoro na Geita, kitoweo kina wanunuzi na maeneo ya malisho ni haba. Ng'ombe anahitaji mbuga, wakati sungura anatosha uani. Ndiyo maana mnyama huyu, ambaye kwa familia nyingi alikuwa mchezo wa watoto, anaweza kuwa chanzo cha kipato kwa mama wa nyumbani au mchimbaji mdogo ambaye duara lake halijatoa mawe kwa miezi kadhaa.

Lakini hesabu yake ni nyepesi kuharibika. Tuchukulie mfugaji ana majike 5, kila jike anazaa mara 4 kwa mwaka, watoto 7 kila uzao. Hao ni watoto 140. Wakifa watatu tu katika kila uzao, mfugaji amepoteza 60 na kubakiwa na 80. Majike wamekula chakula kile kile na kazi imekuwa ile ile. Faida yote inaweza kuwa imeondoka na hao 60.

Andaa kiota mapema

Sungura hubeba mimba siku 30 hadi 32. Siku ya kupandisha, jike hupelekwa kwenye kibanda cha dume, si dume kwa jike, na tarehe huandikwa. Asiyeandika tarehe hujua jike ana mimba siku anapokuta watoto sakafuni.

Siku ya 28 jike awekewe sanduku la kuzalia. Mbao chakavu zinatosha: urefu sentimita 45, upana 30 na kina 30, upande mmoja ukatwe ubaki sentimita 15 ili mama aruke kuingia huku watoto wakishindwa kutoka. Chini yatobolewe matundu madogo ya kupitisha mkojo.

Ndani yawekwe majani makavu na laini. Majani ya mpunga, ambayo hupatikana kwa wingi Kahama baada ya mavuno, yanafaa sana. Nyuzi za viroba zisitumike, kwani hujisokota kwenye miguu ya watoto na kuikata. Jike mwenyewe atajinyonyoa manyoya ya tumboni na kuyatandika juu.

Manyoya hayo ndiyo blanketi. Mtoto wa sungura huzaliwa uchi na haoni, na mama hakai juu yake kumpa joto kama kuku anavyofanya. Akiangukia nje ya kiota hana namna ya kurudi. Akikutwa amepoa lakini bado anachezacheza, apashwe joto taratibu viganjani, kisha arudishwe kati ya wenzake.

Maji kwanza

Jike akitoka kuzaa ana kiu kali. Akikosa maji, akishtuliwa na mbwa au akiwa na upungufu wa protini, anaweza kula watoto wake. Hapo ndipo wengi husema ni mchawi.

Katika miezi ya kiangazi maji hununuliwa kwa ndoo sehemu nyingi za Shinyanga, na sungura huwa wa mwisho kukumbukwa. Jike anayenyonyesha anaweza kumaliza zaidi ya lita moja kwa siku, hasa wakati wa joto. Chombo chake kisikauke usiku wala mchana.

Jambo jingine linalowatia hofu wafugaji ni kutomwona mama akinyonyesha. Kwa kawaida sungura hunyonyesha mara moja kwa siku, usiku au alfajiri, kwa dakika chache tu. Maziwa yake ni mazito na yanatosha. Usimkamate kwa nguvu. Angalia matumbo: mtoto aliyeshiba ana tumbo la mviringo, mwenye njaa amekunjamana ngozi.

Kagua kiota mara moja kila siku. Kwanza pakaza mikono kwa majani ya kibanda cha mama huyo, kisha hesabu watoto na ondoa waliokufa. Wakizidi chuchu, ambazo kwa kawaida ni nane, wa ziada wapelekwe kwa jike mwingine aliyezaa ndani ya siku mbili au tatu. Kwa sababu hiyo ni busara kupandisha majike wawili siku moja.

Jua, siafu na sumu

Jua la mchana juu ya bati hugeuza kibanda kuwa tanuri. Kiweke chini ya mwarobaini au ezeka kwa nyasi. Joto likizidi, punguza manyoya juu ya watoto mchana na uyarudishe jioni.

Siafu humaliza kiota kizima kwa usiku mmoja. Simamisha miguu ya kibanda ndani ya makopo yenye oili chafu, na ziba kila upenyo wa nyoka, panya na paka.

Kwa chakula, marando ya viazi vitamu yaliyonyaushwa, nyasi, pumba na mashudu ya alizeti vinafaa. Mashudu ya pamba, ingawa ni rahisi kupatikana ukanda huu, yaepukwe kwa kuwa yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu hiyo.

Wanaoishi karibu na machimbo wawe na tahadhari zaidi. Majani yaliyokatwa kando ya mialo, kwenye marudio au panapotumika zebaki na sayanaidi yasiingie bandani, wala maji ya hapo. Sumu hizo hudhuru mnyama na binadamu anayemla.

Watoto hufumbua macho kati ya siku ya 10 na 12, na wiki ya tatu huanza kutoka kiotani. Waachishwe kunyonya wakiwa na wiki tano hadi sita. Wakati huo ni bora kumhamisha mama na kuwaacha watoto pale walipopazoea. Sakafu iwe kavu, kwa kuwa ndicho kipindi cha ugonjwa wa kuhara unaoitwa koksidiosisi. Dalili zikionekana, afisa mifugo wa kata aitwe mapema.

Daftari la shilingi chache lionyeshe tarehe ya kupandisha, waliozaliwa na waliofika kuachishwa. Jike aliyepewa kiota, maji na utulivu, na bado akapoteza watoto mara mbili mfululizo, huyo ndiye wa kwenda sufuriani.