Mashua Ikipotea, Nani Huitafuta?

Chukua mfano huu. Wavuvi wanne wametoka Vanga jioni, msimu wa kusi. Usiku mashine inazimika, nanga haifiki chini, na simu imelowa maji. Asubuhi jamaa zao wako ufuoni wakingoja. Ikifika saa nne mtu anasema, "Pengine wamelala Wasini." Saa nane mwingine anasema, "Aa, upepo umewapeleka Pemba, watarudi kesho." Kesho yake ndipo mtu anakwenda kituo cha polisi kupiga ripoti.

Hiyo siku moja ya "pengine" ina bei yake, tutaiona hapo chini. Lakini kwanza, ni nani hasa anayepaswa kuwatafuta watu hawa? Na je, kama mashua imeshavuka mpaka?

Desturi ya mabaharia tangu zamani ni kwamba anayeona mwenzake anazama humsaidia. Desturi peke yake haikutosha. Meli ya Titanic ilipozama mwaka 1912, watu zaidi ya 1,500 walikufa, na kulikuwa na meli nyingine karibu ambayo mwendesha redio wake alikuwa amelala. Mwaka 1914 mataifa yakakutana London yakaandika mapatano ya kwanza ya usalama wa maisha baharini. Yamerekebishwa mara nyingi, na yanayotumika leo msingi wake ni yale ya mwaka 1974. Humo nahodha wa meli yoyote, ya bendera yoyote, anapopata habari ya watu walio hatarini lazima aende kuwasaidia, ila tu kama hawezi au kwenda ni hatari kwa meli yake.

Sasa nahodha atapataje habari? Hapo ndipo palipokuwa na pengo. Mwaka 1979 mataifa yakakubaliana mjini Hamburg kwamba bahari yote igawanywe, kila sehemu iwe na nchi inayowajibika kutafuta na kuokoa. Mgawanyo huu si wa kumiliki maji wala samaki, ni wa kazi tu. Kwa upande wetu, kituo cha kanda kilifunguliwa Mombasa mwaka 2006. Kinaendeshwa na Halmashauri ya Usafiri wa Majini ya Kenya, ile tunayoiita KMA, na kinashughulikia maji ya Kenya, Tanzania, Ushelisheli na Somalia, kikishirikiana na wenzao walioko Dar es Salaam na Ushelisheli. Vituo vingine vya namna hii barani Afrika viko Cape Town, Lagos, Monrovia na Rabat.

Usidhani basi hapo Mombasa pamejaa maboti yanayongoja tu yatumwe. Kazi kubwa ya kituo ni kupiga simu na redio. Kikipata habari kinawaambia Jeshi la Majini, au Walinzi wa Pwani walioanzishwa mwaka 2018, au wenzao wa upande wa pili wa mpaka. Na kinatangazia meli za mizigo zilizo karibu. Meli ya mafuta iliyokuwa ikielekea bandarini inaweza kuambiwa igeuze ikatafute ngalawa. Kwa mvuvi wa kawaida, hiyo meli ndiyo mara nyingi iliyo karibu kuliko boti lolote la serikali.

Bei ya "pengine"

Hapa nataka tupige hesabu, maana ndipo watu wengi hawaoni uzito wake. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, na wakati wa kusi hupata nguvu. Tuseme mashua isiyo na mashine inachukuliwa maili mbili za bahari kwa saa. Baada ya saa 6 itakuwa imeenda maili 12. Kama hatujui imeelekea wapi hasa, watafutaji wana duara la maili 12 kila upande, ambalo ni karibu maili 450 za mraba. Baada ya saa 12 duara ni la maili 24 kila upande, nalo ni zaidi ya maili 1,800 za mraba. Muda umezidi mara 2, eneo limezidi mara 4! Ikifika siku nzima, eneo ni mara 16 ya lile la kwanza. Ndege yenyewe itatafuta mpaka mafuta yaishe.

Tena wakati wa kaskazi, mkondo wetu hukutana na ule unaoshuka kutoka Somalia, na yote miwili hugeukia bahari kuu. Mashua iliyopotea Lamu msimu huo yaweza kusukumwa nje kabisa, mbali na nchi kavu. Kwa hiyo msimu nao ni habari ya kumpa anayetafuta.

Meli kubwa hubeba boya la redio ambalo likianguka majini linaanza kupeleka ishara kwa setilaiti, na setilaiti inaeleza mahali lilipo. Mpango huo ulianzishwa mwaka 1979 na Kanada, Ufaransa, Marekani na Urusi ya wakati ule. Mtumbwi wa Gazi hauna kifaa hicho. Setilaiti yake ni watu walioachwa ufuoni, na ndiyo sababu daftari la BMU ni kitu kikubwa. Kamati ikiandika nani ametoka, na chombo gani, saa ngapi, kuelekea mwamba upi, na anatarajiwa kurudi lini, kituo cha Mombasa kina pa kuanzia. Ziko bandari ndogo ambapo daftari hufunguliwa tu siku ofisa wa uvuvi anapokuja. Hilo si daftari.

Meli ya Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba mwezi wa Septemba 2011, wapiga mbizi walikuja mpaka kutoka Afrika Kusini kusaidia. Lakini hakuna aliyeweza kusema mara moja ni watu wangapi waliopanda, kwa sababu wengi hawakuwa kwenye orodha.

"Nitatozwa pesa?"

Swali hili huulizwa sana. Jibu ni kwamba aliyeokolewa hadaiwi malipo kwa uhai wake. Kuvutwa kwa chombo au kuokolewa kwa mizigo ni habari nyingine. Wengine huogopa kuita kwa kuwa leseni imeisha, au wako upande wa Tanzania. Mapatano ya Hamburg yanasema msaada utolewe bila kuangalia utaifa wa mtu wala hali yake. Ni kweli, ukishafika nchi kavu unaweza kuulizwa mambo ya leseni. Lakini utaulizwa ukiwa hai.

Ushirikiano huu hauishii kwenye mashua. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko lilitokea karibu na Sumatra alfajiri yetu, na maji yakafika kwetu mchana. Bahari ya Hindi haikuwa na mpango wowote wa kuonyana. Kenya ilipata habari za Asia, watu wakaondolewa fuoni, akafa mtu mmoja. Somalia, ambako hakukuwa na wa kuwaonya, walikufa karibu 300. Tangu mwaka 2011 India, Indonesia na Australia hutoa ilani kwa nchi zote za bahari hii, na kwetu hupokelewa na Idara ya Hali ya Hewa. Kutoka pale mpaka Kipini au Kiunga, inategemea chifu, redio, msikiti na kanisa.

Vivyo hivyo kwa mafuta yanayomwagika. Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985, ulioanza kutumika 1996, unaziunganisha nchi 10 kutoka Somalia hadi Afrika Kusini pamoja na visiwa, na una kipengele cha kusaidiana wakati wa dharura. Meli ya Wakashio ilipopanda mwamba Mauritius mwezi wa Julai 2020, tani zipatazo 1,000 zilimwagika, na Ufaransa ikaleta vifaa kutoka Réunion. Sisi nasi tunajua: mafuta yaliyomwagika Makupa mwaka 1988 yaliua mikoko, na mkoko ukifa, samaki wadogo hawana pa kujificha.

Basi jamaa yako asiporudi saa aliyosema, nenda kwa BMU na kituo cha polisi saa hiyo hiyo, uwaombe wawaarifu KMA Mombasa. Sema rangi ya chombo na urefu wake, kina tanga au mashine, watu wangapi, walitoka wapi saa ngapi, walielekea wapi, wana maji ya kunywa kiasi gani, na namba za simu zao hata kama hazipatikani. Wakitokea Pemba jioni wakicheka, rudi ukaseme wamepatikana, ili wanaotafuta wapumzike.