Misuna hadi Dar, bila kubahatisha

Ukifika stendi ya Misuna, Singida, alfajiri, begi halijatua chini umeshadakwa na wapiga debe, kila mmoja akiapa gari lake ndilo linalowahi kufika Dar. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ubishi umeongezeka: upande basi la moja kwa moja, au ushukie Dodoma uunge na treni?

Namna ya kuumaliza ubishi wa aina hii ilipatikana Amsterdam mwaka 1956. Edsger Dijkstra, Mholanzi wa miaka 26, alizunguka madukani na mchumba wake mpaka wakachoka, wakaketi mgahawani kunywa kahawa. Kichwani alikuwa na swali moja: njia fupi kabisa ya kutoka Rotterdam hadi Groningen ni ipi? Kwa dakika kama 20, bila karatasi wala kalamu, akapata jibu. Alilichapisha mwaka 1959, kurasa chache tu.

Namna hiyo tuliijaribu kwa kijiti, mavumbini. Saa nitakazotaja ni za mfano; dereva wako anaweza kuwa na zake.

Chora Singida, andika 0. Manyoni ni mwendo wa saa 2, Babati 3, Dar kwa basi la moja kwa moja 11. Namba ndogo ni ya Manyoni: izungushie duara, yaani ifunge, usiiguse tena. Uhakika unatoka wapi? Anayetaka kufika Manyoni kwa njia nyingine lazima aanzie Babati au Dar, na mpaka huko ameshatumia saa 3 au zaidi.

Kutoka Manyoni, Dodoma ni saa 2 nyingine, andika 4. Sasa ndogo ni ya Babati; ifunge nayo. Kutoka huko kupitia Kondoa hadi Dodoma ni saa 4, jumla 7, kwa hiyo ile 4 haifutwi. Funga Dodoma. Hapo subiri treni saa 2, safiri nayo saa 4: Dar inakuwa 10. Futa 11.

Ujanja ni huko kufunga. Dijkstra aliionyesha kazi yake kwenye kompyuta ya ARMAC kwa ramani ya miji 64. Ungejaribu kupima kila njia inayowezekana humo, ungezeeka na kijiti mkononi.

Lakini itazame tena ile saa 2 ya kusubiri. Ikiwa 4, basi linashinda. Na inategemea umefika Dodoma saa ngapi, kwa hiyo namba ya mstari wa reli haikai mahali pamoja kama ya barabara. Hata treni inayotangulia kuondoka si lazima itangulie kufika: ya kawaida husimama vituo vingi, ya haraka inavipita.

Mwenye mzigo mzito, naye, anahesabu kwa mgongo: kupakia, kushusha, kupakia tena. Kila anapobadili chombo, ajiandikie saa 3 za ziada, achore upya. Kwake njia ya treni inafika 13, basi limebaki 11. Mpiga debe wa basi, safari hii, hakudanganya.