Watazamaji 1,000 Wanaorudi: Jinsi ya Kukuza Chaneli Yako Ukiwa Kitale ama Bungoma

Je, unaposti video kila mara lakini watu wanatazama mara moja, kisha wanapotea? Hauko peke yako. Leo tunaelezea kwa nini mtazamaji anayerudi ana faida kuliko video moja iliyovuma.

Hebu tupige hesabu. Ili YouTube ikugawie pesa za matangazo kwa video ndefu, chaneli inahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Video moja ikitazamwa na watu 100,000, kila mtu dakika moja tu, hizo ni kama saa 1,667. Hata nusu hujafika! Lakini watu 1,000 wakirudi kila wiki kwa dakika 5, kwa mwaka unapata zaidi ya saa 4,300.

Sasa, watarudi vipi?

Wape sababu ya mwaka mzima. Mkulima wa mahindi pale Kitale anataka kujua kuhusu mbegu wakati wa kupanda, viwavijeshi mahindi yakiwa machanga, na jinsi ya kukausha baada ya kuvuna. Bungoma nako, tohara ya Wabukusu hufanyika Agosti, kila baada ya miaka miwili. Ukingoja msimu tu, chaneli italala. Katikati, eleza historia, nyimbo na maana ya kila hatua.

Shika siku yako. Watu huenda soko la Chwele kwa sababu wanajua siku ya soko. Ukisema Ijumaa jioni, iwe Ijumaa jioni.

Jibu watu. Swali zuri la mtazamaji linaweza kuwa video ya wiki ijayo. Taja kwamba limetoka kwao.

Linda imani yao. Google haikutumii malipo ya matangazo mpaka yafike dola 100, kwa hivyo watayarishaji wengi huomba watazamaji wawaunge mkono moja kwa moja kwa simu. Hapo ndipo matapeli huingia: wanafungua akaunti yenye jina na picha yako, wanaahidi zawadi, kisha wanaomba "ada kidogo". Mfuasi akiliwa pesa, atakulaumu wewe, na hatarudi. Kwa hivyo:

- Tumia namba moja ya Till, na uionyeshe mahali palepale katika kila video.
- Waambie wahakikishe jina la biashara yako kabla ya kukamilisha malipo.
- Rudia kila mara: hatuombi PIN, na zawadi yetu hailipiwi.
- Ukipokea SMS ya malipo, angalia salio kwanza. Usirudishe pesa "iliyotumwa kimakosa" kabla ya kuhakikisha iliingia.
- Sema pesa yao ilifanya nini, hata kama ni maikrofoni tu.

Usihesabu walioona jana pekee. Angalia ni wangapi walirudi wiki hii, na uanze kuwajenga hao.