Maji ya Kagera Hurudi kwa Waya (Sehemu ya Pili)

Mto Kagera ukishapita chini ya daraja la Kyaka hauna safari ndefu tena. Unajipinda, unaingia Uganda na kumwaga maji yake Ziwa Victoria, kaskazini kidogo tu ya mpaka. Hakuna mto mwingine unaolipa ziwa hilo maji mengi kuliko huo, ingawa sehemu kubwa ya maji ya ziwa lenyewe hushuka kama mvua. Nalo ziwa lina mlango mmoja wa kutokea, pale Jinja, Mto Nile unapoanzia. Hapo ndipo Waingereza walipojenga bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa mwaka 1954 na ambalo leo huitwa Nalubaale. Baadaye Waganda waliongeza mengine katika mto huohuo: Kiira, Bujagali, Isimba na Karuma. Umeme unatoka huko hadi Masaka, unavuka Mutukula kwenye laini ya kilovolti 132, unashuka katika kituo cha Kyaka. Maji yaliyopita chini ya daraja yamerudi juu ya nguzo, safari hii yakiwa na ankara.

Bukoba na Muleba zimeishi hivyo tangu miaka ya 1990, baada ya kuagana na zama za mitambo ya dizeli. Mtu wa Kamachumu anayenunua umeme wa luku analipa Tanesco kama Mtanzania mwingine yeyote, ila Tanesco yenyewe imeshanunua kwa jirani. Hitilafu ikitokea upande wa Masaka, giza linaingia Rwamishenye na fundi wa kuchomelea anakunja mikono. Mwaka 2005 na 2006, kina cha ziwa kiliposhuka na Uganda ikaingia katika mgao mkali, watu wa Kagera waligundua kwamba mtu anaweza kupata njaa kwa sababu jirani hajapika.

Daraja hilo la Kyaka lina kumbukumbu nyingine. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliteka ardhi yote ya kaskazini ya mto, na daraja likavunjwa. Hata miaka 20 haikupita kabla nyaya za umeme hazijaja kwa njia ileile yaliyopita mabomu. Jambo hilo linastahili kukumbukwa kila mara mtu anaposikia hotuba kuhusu kujitegemea kwa nishati.

Na hotuba za namna hiyo hakuna aliyezitoa kwa sauti kubwa kuliko Rais John Magufuli. Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza ujana wake; hapa itoshe kukumbusha kwamba alikuwa mtoto wa Kagera kabla ramani haijabadilika. Chato, alikozaliwa, ilikuwa sehemu ya Biharamulo, na Biharamulo ni Kagera. Alisoma seminari ya Katoke, na alipoingia bungeni mwaka 1995 aliingia kama mbunge wa Biharamulo Mashariki. Chato ilihamia mkoa mpya wa Geita mwaka 2012, miaka mitatu tu kabla ya kuchaguliwa kwake kuwa Rais. Habari ya umeme wa Uganda hakuhitaji kusimuliwa na mshauri.

Msimamo wake ulisimama juu ya dai moja: Tanzania si maskini, inaibiwa. Machi 2017 alizuia makontena ya makinikia, yaani mchanga wa madini, yasitoke nchini. Mei na Juni kamati mbili za wataalamu, ya kwanza chini ya Profesa Abdulkarim Mruma na ya pili chini ya Profesa Nehemiah Osoro, zilimkabidhi taarifa zao mbele ya kamera za televisheni, nchi nzima ikitazama kama inatazama fainali. Julai Bunge likapitisha sheria. Mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 6, Serikali ikapata hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa bila kuzilipia, na migogoro ya maliasili ikakatazwa kupelekwa katika mahakama za nje. Yeye aliita vita ya uchumi. Wengine waliita kuwatisha wawekezaji. Kampuni ya Acacia ilidaiwa kodi ya dola bilioni 190, kiasi ambacho hata mashabiki wa Rais walikitamka kwa kusitasita; mwishowe Barrick, kampuni mama ya Acacia, ilikubali kulipa dola milioni 300 na kuunda na Serikali kampuni ya pamoja iitwayo Twiga.

Hasira hiyo haikuzuka hewani. Nchi ilikuwa imeumwa na mikataba, na Muleba iliguswa kwa karibu. Mwaka 1995 Tanesco iliingia mkataba na kampuni ya IPTL ya mtambo wa megawati 100 pale Tegeta, Dar es Salaam. Mkataba wenyewe ulitaka mwenye mtambo alipwe gharama ya uwezo wa kuzalisha, mitambo iwashwe isiwashwe. Fikiria kukodi mtumbwi kwa mwezi, uvue usivue, mwenye mtumbwi anakudai tu. Mgogoro wa malipo hayo ulizaa akaunti ya Tegeta Escrow, na Novemba 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, ikiongozwa na Zitto Kabwe, ilileta taarifa yake bungeni. Mwezi uliofuata Rais Jakaya Kikwete alimwondoa katika uwaziri wa ardhi Profesa Anna Tibaijuka, mbunge wa Muleba Kusini, kwa sababu ya shilingi bilioni 1.6 alizopokea kutoka kwa mmoja wa wahusika wa IPTL. Mwenyewe alieleza kwamba ulikuwa mchango kwa ajili ya shule ya wasichana. Wiki chache baadaye mbunge wa jimbo jirani, Charles Mwijage wa Muleba Kaskazini, aliteuliwa kuwa Naibu Waziri wa Nishati na Madini. Wilaya moja, majimbo mawili, na umeme uliotoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine.

Jibu la Magufuli kwa mikataba ya kukodi lilikuwa bwawa. Wazo la kuzuia Mto Rufiji katika korongo la Stiegler lilikuwapo tangu enzi za Mwalimu Nyerere, likakaa makabatini kwa zaidi ya miaka 40. Desemba 2018 Serikali ilisaini mkataba na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, wa thamani ya takribani shilingi trilioni 6.5. Bwawa lingekuwa na mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Wakati huo mitambo yote ya nchi ilikuwa na uwezo wa kama megawati 1,600. Watetezi wa mazingira walilalamikia Pori la Selous, ambalo UNESCO imeliorodhesha kama urithi wa dunia. Rais hakurudi nyuma. Fedha, alisisitiza, ni za Watanzania. Alifariki Machi 2021, na mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme Februari 2024.

Hapo ndipo mtu wa Bukoba anapokuna kichwa. Rufiji iko karibu kilomita elfu moja kutoka kwake, na umeme hauendi kwa azimio la Bunge. Waya hupata joto umeme unapopita, na joto hilo ni umeme uliopotea, kama mbeba maji wa njia ndefu ambaye ndoo yake haina kifuniko. Ndiyo maana umeme husafirishwa kwa msongo mkubwa: msongo ukipanda, mkondo hupungua na joto hupungua nao. Lakini hata hivyo njia hudai ushuru wake, na kwanza lazima njia iwepo. Bukoba haikuwa nayo. Bwawa lingeweza kuwa na megawati 5,000, na Kashai bado ingesubiri Masaka iamue.

Udhaifu wa msimamo wa Magufuli ulikuwa hapo, wala si katika madai yake kuhusu wizi wa madini. Alihesabu uzalishaji kwa ukubwa na umiliki. Umbali aliuhesabu mwisho. Mrithi wake, Rais Samia Suluhu Hassan, aliligusa jambo hilo hadharani Machi 2025 akiwa Kilimanjaro, alipotetea mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini ilhali Rufiji inazalisha umeme wa kutosha. Hoja yake ilikuwa upotevu wa njiani, unaoigharimu nchi mabilioni ya shilingi kila mwaka. Mitandaoni watu walimrukia kwa ukali. Kagera pengine hawakushangaa sana; walikuwa wameishi ndani ya hoja hiyo kwa zaidi ya miaka 25.

Je, mto wao wenyewe? Wazo la kuzalisha umeme katika maporomoko ya Rusumo, wilayani Ngara, ni la miaka ya 1970, ulipoundwa Umoja wa Bonde la Mto Kagera. Umoja ulikufa kabla ya bwawa. Mwaka 2013 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340, na hatimaye ikajengwa mitambo ya megawati 80 inayogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, kila nchi ikipata karibu megawati 27. Kutoka Rusumo, laini ya kilovolti 220 inakwenda Nyakanazi, Biharamulo, inakokutana na gridi ya Taifa. Ni kusini mwa mkoa huko. Kwa upande wa Bukoba iliyopangwa ni laini nyingine ya kilovolti 220, kutoka Benaco hadi Kyaka. Chini zaidi mtoni, Murongo wilayani Kyerwa, kuna mtambo wa megawati 14 ambao Tanzania na Uganda zinagawana nusu kwa nusu, na kuna mradi wa Kakono wa megawati 87.8 uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2023.

Ukiitazama orodha hiyo, kujitegemea kwa Kagera kuna sura ya ujirani. Mto unatoka Rwanda na Burundi na kuishia Uganda. Hakuna anayeweza kuufungia chumbani.

Magufuli mwenyewe alilijua hilo pale lilipomfaa. Aprili 2016 Uganda ilitangaza kwamba mafuta ya Hoima yatapita Tanzania badala ya Kenya, na Agosti 2017 yeye na Rais Yoweri Museveni waliweka jiwe la msingi Chongoleani, Tanga. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania. TotalEnergies ina asilimia 62 ya hisa, shirika la mafuta la Uganda 15, TPDC yetu 15, na CNOOC ya China 8. Bomba linaingilia Missenyi, linapita Bukoba Vijijini na Muleba, kisha Biharamulo. Mafuta ya Hoima yana nta. Yakipoa huganda kama samli asubuhi ya baridi, kwa hiyo bomba linafukiwa na kupashwa joto njia nzima, muda wote.

Kwa Mhaya jambo gumu halikuwa joto, lilikuwa kibanja. Kibanja ni migomba, mibuni na maharage katika kivuli kimoja, na ni mahali walipolala babu na bibi. Njia ya bomba ina upana wa mita 30, na juu yake haijengwi nyumba wala haipandwi miti ya mizizi mirefu. Mthamini anaweza kuhesabu mgomba mmoja mmoja na kuutafutia bei katika jedwali. Kaburi nalo hulipiwa fidia na kuhamishwa, lakini mzee anayehamisha mifupa ya babu yake hana jedwali la kulitazama. Na baada ya yote hayo, kinachopita chini ya shamba lake ni mafuta yanayokwenda kupakiwa melini.

Sehemu ya tatu itahamia Ngara, kwenye nikeli ya Kabanga. Mkataba wake ulisainiwa Januari 2021, miezi miwili kabla ya kifo cha Magufuli, na Serikali ikapata asilimia zake 16 kama sheria ya 2017 inavyotaka. Nikeli itachimbwa Kagera. Kiwanda cha kuisafisha kilipangiwa Kahama, mkoani Shinyanga, mahali palipokuwa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Huko gridi ya Taifa ilishafika siku nyingi.